Koti la Kapita

Kila asubuhi, adhana ilipokwisha na kabla magereji ya Buyenzi hayajaanza kugonga vyuma, Dévote alikunja mkeka wake, akachukua ndoo na kwenda jikoni. Jiko hilo lilikuwa nyuma ya uwanja: kuta tatu za matofali ya udongo, bati juu, na upande wa mbele wazi. Familia tatu zililitumia kwa pamoja. Kazi ya Dévote ilikuwa kuzoa majivu ya jana, kuwasha makaa katika mbabula ya bibi yake na kuteleka uji kabla ya kwenda shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliifanya bila kunung'unika tangu akiwa na miaka tisa.

Lakini tangu masika ya mwaka ule wa 1996 yaanze, alipofika jikoni alisimama kwanza, akavuta pumzi, akaibana.

Ndani ya majivu alilala Kapita.

Kapita alikuwa mbwa wa jirani yao, Mama Libère. Watu walisema zamani alikuwa mbwa wa kahawia mwenye manyoya mazito. Sasa nusu ya manyoya yale ilikuwa imekwisha. Upele ulimla mgongoni na masikioni mpaka ngozi ikawa ya kijivu, nene, yenye mikunjo kama kiwiko cha mzee. Kila alipojikuna alipasua vidonda, na vidonda vilitoa maji ya njano yaliyoshikana na majivu. Nzi walimjua. Alinuka kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliolowa mvua na kusahauliwa ndani ya mfuko. Alipomwona Dévote alitikisa mkia, na kila alipoutikisa, magamba madogo meupe yaliruka hewani na kutua juu ya masufuria.

"Ondoka," Dévote alisema, akimsukuma kwa ufagio. "We mbwa, ondoka hapa."

Kapita aliinuka polepole, akaenda hatua tatu, akalala tena, akaendelea kumtazama.

Mama Libère alikuwa amekuja mwaka uliopita, siku zile watu walipoukimbia mtaa wa Kamenge kwa ajili ya vita. Alifika kwa miguu, amebeba godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, sufuria moja juu ya godoro, na mbwa nyuma yake. Mwanawe Libère alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira, na hakuna aliyejua kama alifika. Kapita alikuwa mbwa wa Libère. Bwana Hamimu, fundi wa magari aliyekuwa mwenye uwanja, hakumwuliza mama yule kabila lake wala dini yake. Alitoa vipuri vyake vyote katika stoo, akavirundika chini ya dirisha lake mwenyewe, na mkewe Waridi akapaka stoo chokaa siku ileile. Basi stoo ikawa nyumba, katikati ya nyumba ya Hamimu na nyumba ya Dévote na bibi yake, Bibi Mawazo.

Jumatano moja, Dévote alikuwa anakunywa uji pamoja na Asiya, binti wa Hamimu, aliyesoma naye darasa moja. Kitu kilimkwama ulimini. Alikitoa kwa vidole. Ulikuwa unywele mfupi wa kahawia, na kwenye shina lake kulikuwa na gamba la ngozi, laini, limevimba kwa uji.

Dévote alikimbilia mtaroni akatapika mpaka hakuna kilichobaki.

"Wenzako wanakunywa uji mtupu," Asiya alisema nyuma yake, "we umewekewa na nyama."

"Nyamaza, Asiya."

"Nakuonea huruma tu. Kesho labda utapata sikio."

Alasiri ile watu wazima walikaa uwanjani kuzungumza juu ya jambo hilo, kwa maana jioni kila mtu alitakiwa kujifungia ndani mapema kwa amri ya serikali. Hamimu alikuwa ametoka gereji, mikono yake myeusi mpaka viwiko kama kila siku.

"Mi nasema wazi," alisema. "Mbwa mahali pake ni nje. Mungu alimpa koti, amezaliwa nalo. Mvua ya Bujumbura si baridi ya kumuua mbwa. Na tangu lini mbwa akalala mahali watu wanapopika?"

"Bwana Hamimu, hebu mwangalie," alisema Bibi Mawazo. "Hilo koti liko wapi? Mi nimezaliwa Lemera, kule juu, ambako asubuhi unatetemeka mpaka meno yanagongana. Mbwa mwenye manyoya tulimwacha nje, alijikunja, hakupata neno. Mbwa mgonjwa tulimlaza kwenye majivu. Hatukuwa tunampenda mmoja kuliko mwingine. Mmoja alikuwa na koti na mwingine hana."

Hamimu alimtazama Kapita, akakunja uso, akageuka.

"Ananitia kinyaa, mama. Sikufichi."

"Hata mi," alisema Bibi Mawazo.

Waridi, aliyekuwa anachambua maharagwe, aliweka ungo chini. "Nyumbani kwangu haingii, na mnajua dini yetu. Akinigusa kwa pua yake yenye maji, lazima nioshe mara saba, na moja ni kwa udongo. Lakini jiko si nyumba. Tuyaondoe masufuria, kila mtu aweke yake ndani kwake. Majivu tumwachie mpaka mvua ziishe."

Mama Libère alikuwa amekaa pembeni. Sasa alisema, "Asante, Mama Asiya," kwa sauti ndogo, kisha akaingia ndani.

Wote walikubali. Hakuna aliyeuliza nani atabeba masufuria. Aliyeyabeba alikuwa Dévote: kila asubuhi kuyatoa, kila jioni kuyarudisha, na kuyaosha yote upya, kwa sababu magamba yaliruka vilevile. Siku ya tatu alikuwa anamchukia mbwa yule kama mtu anavyomchukia mtu.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Dévote na Asiya walikuwa wanafua nguo za shule.

"Kule gereji wana dawa ya upele," Asiya alisema. "Mbwa wa mlinzi alikuwa hivihivi. Vijana wakampaka vidanji mwili mzima."

Vidanji ni mafuta machafu yanayotolewa kwenye injini. Nyuma ya gereji ya Hamimu, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na pipa zima. Watu waliyapaka kwenye nguzo za miti ili mchwa wasizile.

"Akapona?" Dévote aliuliza.

"Mi najua? Hatukumwona tena. Labda alipona akaoa."

Asiya alicheka, akaanika nguo zake, akaenda kumsaidia mama yake kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, mbele ya nyumba yao. Dévote alibaki na mikono ndani ya povu. Hakuwa anafikiria dawa. Alikuwa anafikiria kitu ambacho kila mtoto wa Buyenzi anakijua: vidanji na moto havikai pamoja. Mbwa aliyepakwa mafuta hawezi kulala penye makaa. Wakubwa wenyewe wangemtoa jikoni, na yeye hangehitaji kusema neno. Na kama mtu angemkamata, angesema alitaka kumponya. Uongo wake ulikuwa tayari kabla hajafanya lolote.

Mama Libère alikuwa sokoni anauza ndagala. Bibi Mawazo alikuwa amekwenda kufagia kanisa. Dévote alichukua kopo la maziwa, akavuka barabara, akalijaza pipani, akarudi. Alifunga kitambaa kwenye kijiti ili asimguse mbwa kwa mkono.

Alitegemea Kapita akimbie. Kapita hakukimbia. Aliinamisha kichwa na kufumba macho, kama mtoto mdogo anayeogeshwa na mama yake. Dévote alimpaka mgongo, mbavu, masikio. Mafuta yalikuwa mazito, meusi, yanateleza kama kamasi. Manyoya machache yaliyobaki yalilala na kushikana na ngozi. Kitambaa kilichomoka kijitini, akakidaka bila kufikiri, na vidole vyake vikazama katika mafuta na magamba. Kapita alilamba mguu wake wa mbele, akapiga chafya, akalamba tena.

Dévote alitupa kopo kwenye mtaro. Alinawa kwa sabuni mara moja, mara mbili, mara tatu. Mchana, alipofinyanga tonge la ugali, aliisikia harufu ileile ikipanda kutoka kwenye kucha zake.

Mama Libère alirudi saa tisa. Alisimama mbele ya jiko na kapu lake kichwani.

"Nani amemfanyia hivi?"

Hakupiga kelele, lakini watu walitoka. Na Hamimu naye alikuwa anaingia langoni kutoka gereji, mikono myeusi mpaka viwiko. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Walimtazama mikono tu, na yeye akaona wanatazama nini.

"Mi sikumgusa," alisema.

"Wewe ulisema mahali pake ni nje, Baba Asiya," alisema Mama Libère.

"Nilisema. Nilisema mbele yenu wote, mchana. Kama ningetaka..." Aliingia ndani na kufunga mlango.

Bibi Mawazo alimgeukia Dévote. "Mjukuu wangu, we ulikuwa hapa asubuhi. Uliona mtu?"

"Apana, Bibi. Mi nilikuwa nafua."

Ndivyo alivyosema, na neno halikumkwama popote. Asiya, aliyekuwa mlangoni kwao, alimtazama, kisha akatazama chini.

"Basi hapa penye moto hawezi kukaa tena," Bibi Mawazo alisema kwa huzuni. "Cheche moja tu itamuunguza akiwa hai. Itabidi alale ukutani."

Kapita akafungwa nyuma, chini ya ukingo wa bati ambao haukuzidi upana wa kiganja. Jikoni pakawa pasafi. Dévote alirudisha masufuria mahali pake, na hakuna harufu aliyoisikia isipokuwa ile ya vidole vyake.

Jumapili, walipokuwa wanatoka kanisani, mawingu yalishuka kutoka milimani na upepo wa baridi ukaja mbele yake. Ilianza mvua ya mawe. Siku nyingine watoto wa uwanja wangekimbia nje na mabakuli kuokota barafu. Siku hiyo Dévote alikaa dirishani. Mawe yaligonga bati, yakateleza, yakamwangukia Kapita mgongoni moja baada ya jingine. Baada ya mawe ilikuja mvua, na mvua haikukoma. Mama Libère alitoka amejifunika kitenge, akamtandikia mbwa gunia. Gunia lilinywa mafuta na maji, likawa zito, likamwelemea. Akaliondoa. Alisimama pale na mbwa wake muda mrefu, wote wawili wanalowa.

"Kwa nini asimwingize kwake?" Dévote aliuliza.

"Chumba ni cha Bwana Hamimu," alijibu bibi yake. "Alimwambia siku ya kwanza mbwa asiingie ndani, naye alikubali. Mama yule neno lake halivunji, hata leo."

Jumatatu mchana Dévote alirudi kutoka shule akiwa amelowa. Mlango wa Mama Libère ulikuwa wazi. Chumbani, godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa kamba ileile ya katani, na sufuria juu yake. Bibi Mawazo alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ameshika mkono wa jirani yake.

"Mvua ikipungua naondoka," Mama Libère alikuwa anasema. "Naenda kambini kwa wenzangu tuliokimbia pamoja."

"Kambini kuna nini? Hema na matope. Na kipindupindu."

"Hapa mmenitendea mema mengi, sitayasahau. Lakini mi nimeelewa. Mtu akichoka na mgeni, hawezi kumwambia usoni. Anaanza na mbwa. Mi nangoja nini, mpaka wanifikie mwenyewe?"

Hamimu alikuwa amesimama uwanjani, chini ya mvua, hakwenda kazini. Alisikia maneno yale. Waridi alikuwa anafuta macho kwa upindo wa mtandio.

Asiya alimshika Dévote kiwiko na kumvuta mpaka nyuma ya choo.

"Baba yangu hamgusi mbwa," alisema. "Hata kwa kijiti. Akimgusa anaosha mara saba, na udongo. Unafikiri angefanya hivyo Jumamosi halafu akaswali? We unajua hawezi. Na mi najua ni nani niliyemwambia habari za vidanji."

"Ulisema ni dawa."

"Usiniletee dawa hapa, Dévote. Nilikungoja useme Jumamosi. Nikakungoja Jumapili. Sasa nahesabu hatua mpaka kwa baba yangu; nikifika hujasema, nitasema mwenyewe."

"Usihesabu," Dévote alisema.

Alikwenda kwanza ukutani. Kapita alikuwa amejikunja mpaka pua yake imefichwa chini ya mkia, lakini mkia wenyewe haukuwa na nywele za kufunika kitu. Alitetemeka bila kupumzika. Mbele yake kulikuwa na matapishi meusi, yenye mafuta yanayong'aa rangi za upinde wa mvua, kwa sababu siku mbili nzima alikuwa anajilamba apate kujisafisha. Alipomwona Dévote, aliinua kichwa. Akatikisa mkia. Maji machafu yalimrukia Dévote miguuni.

Kichefuchefu kilimpanda, kilekile cha siku ya uji. Alitafuta kinatoka wapi. Hakikutoka kwa mbwa. Kilitoka kwenye vidole vyake.

Alirudi mbele, akasimama katikati ya uwanja mahali wote walipoweza kumsikia.

"Ni mi," alisema. "Ni mi niliyempaka."

Mvua ilikuwa na kelele. Ikabidi arudie.

"Nilichota vidanji gereji, Baba Asiya hakujua. Mama Libère hakuwapo. Na haikuwa dawa. Nilisikia kinyaa, nilichoka kuosha masufuria, nikataka mmtoe jikoni. Bibi aliponiuliza nilidanganya."

Mama Libère alitoka chumbani. Alikuja mpaka karibu, akamtazama mtoto usoni. Dévote alingoja kofi, na labda angelipendelea.

"Kwa hiyo si kwamba hamnitaki," mama alisema.

"Apana, mama."

"Ni we tu, na kinyaa chako."

"Ni mi tu."

Mama Libère alijifuta uso kwa kitenge. Ulikuwa umelowa mvua na machozi pamoja. Hamimu alisogea.

"Siku mbili," alimwambia Dévote, "nimekuwa mtu mbaya katika uwanja wangu mwenyewe. Jana msikitini sikusikia hata imamu anasoma nini. Unajua hiyo?"

"Nisamehe, Baba Asiya."

"Hilo tutaliongea. Sasa mbwa anakufa." Alikunja mikono ya shati. "Mnafikiri mtamwosha na nini, maji na sabuni? Mtamsugua mpaka Krismasi. Maji hayatoi mafuta. Kila jioni mi nanawa kwa mawese kwanza, mawese yanalainisha uchafu, ndipo sabuni inaubeba. Waridi, mawese. Asiya, maji ya moto, mengi. Mama Libère, leta matambara. We," alisema, akimgeukia Dévote, "we ni mikono."

Walimpeleka Kapita chini ya bati la jiko, mbali na mbabula. Bibi Mawazo alimwaga mawese vuguvugu mgongoni kwake, na Dévote akasugua kwa viganja vitupu. Hakupewa kijiti. Vidanji na mawese vilichanganyika vikawa tope la rangi ya damu iliyoganda. Magamba yalitoka kwa makundi na kujibandika mikononi mwake. Chini ya magamba kulikuwa na vidonda vibichi, na ndani ya mkunjo wa sikio usaha uliokuwa umejificha ulimtokea kidoleni. Mara mbili aligeuza uso na kutapika pembeni. Mara mbili alirudi.

Kapita hakuuma. Lakini maji ya moto yalipogusa vidonda alijitupa huku na huku, na Mama Libère peke yake hakuweza kumshika. Alikuwa anateleza kama kambare.

Waridi alikuwa amesimama hatua tano nyuma. Dévote alimwona akivua bangili zake moja moja na kuziweka dirishani. Kisha alikuja, akapiga magoti kwenye maji yale machafu, akamkumbatia mbwa shingoni kwa mikono yote miwili. Kapita alimlamba kidevu.

"Mama," Asiya alisema.

"Naona, Asiya. Maji ni mengi leo, udongo ni mwingi zaidi. Endelea kumwaga."

Walimwosha mara tatu. Mara ya tatu maji yalitoka ya kijivu tu. Walipomaliza, Waridi alikwenda mtaroni, akajiosha mikono na uso mara saba, na ya kwanza ilikuwa kwa udongo aliochota pembeni mwa ukuta. Hamimu mwenyewe ndiye aliyemmiminia maji, akihesabu kwa sauti. Kisha alimletea kanga kavu. Waridi hakulalamika wala hakutaja jambo hilo tena, siku ile au siku nyingine.

Mbwa akawa safi, lakini alikuwa uchi na anatetemeka. Kumrudisha penye majivu na vidonda vibichi haikufaa. Kumrudisha ukutani haikuwezekana.

Hamimu alikuna kichwa, akatoka langoni. Baada ya nusu saa yalisikika makelele barabarani. Mafundi sita walikuwa wanaingiza kichwa cha kamioneti ya zamani: hakina injini, hakina magurudumu, lakini kina paa, vioo, usukani, na kiti kimoja kilichochanika. Walikiweka pembeni mwa ukuta, juu ya matofali manne ili maji yapite chini.

"Si nyumba," Hamimu alimwambia mkewe. "Si jiko. Na si nje."

"Ni gari," alisema Waridi. "Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, lakini gari sijasikia likitajwa."

Mama Libère alitandika matambara makavu juu ya kiti. Kapita aliingizwa, akazunguka mara tatu, akalala. Shida ilikuwa mlango. Bawaba zilikuwa zimekatika, mlango unaning'inia, na mvua ilikuwa inapiga upande ule.

"Nitafutieni kamba," Hamimu alisema.

Watu walitazamana. Kisha Mama Libère aliingia chumbani kwake. Alikaa kidogo. Alipotoka alikuwa na kamba ya katani mkononi, na nyuma yake, kupitia mlango ulioachwa wazi, wote waliona godoro limekunjuka na kulala chini mahali pake pa siku zote.

Hamimu alifunga mlango wa gari kwa kamba ile, mafundo manne, kwa namna ambayo mbwa angeweza kuusukuma atakapotaka kutoka.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Dévote alichanganya mawese na unga wa njano wa salfa, kama Bibi Mawazo alivyomfundisha, akampaka Kapita kwa mkono, kisha akanawa vizuri kwa sabuni, kwa sababu upele wa mbwa unaweza kumshika na mtu. Gereji nayo aliitumikia: alifagia mbele yake kila Alhamisi baada ya shule mpaka mwisho wa muhula. Hamimu ndiye aliyeomba hivyo, na wiki ya pili alianza kumwekea kiti cha kupumzikia.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Bibi Mawazo alikaa karibu naye akitazama anavyopaka. Mgongoni kwa Kapita kulikuwa kumeanza kuota nywele, fupi na laini kama za kifaranga.

"Bado unasikia kinyaa?" Bibi aliuliza.

Dévote alifikiri. "Kidogo. Masikioni."

"Mi pia. Mama Asiya pia alisikia, ulimwona. Kinyaa si kosa, mjukuu wangu. Kinatuambia kitu ni kichafu, basi. Ni sisi tunaochagua kuchukua maji au kuchukua vidanji. We ulichukua vidanji, halafu uchafu wako ukauweka mikononi mwa mtu mwingine, kwa sababu mikono yake ilikuwa tayari myeusi. Uongo wako ulikuwa mdogo, maneno manne matano. Ulitosha kumfungisha mama godoro lake."

"Najua, Bibi."

"Na ulisema kweli mbele ya watu, ukiwa na hofu. Hilo nalo nililiona. Usidhani sikuliona."

Dévote alimaliza mkia, akanawa. Alinusa vidole vyake: salfa na sabuni.

"Bibi, mvua zikiisha, Kapita alale wapi? Baba Asiya bado anasema mbwa mahali pake ni nje."

"Na hakosei. Kiangazi kikija, na koti lake likirudi, alale nje kama mbwa wengine, atafurahi. Lakini aliye mgonjwa, au mzee, au mchanga, kwanza tunamtafutia pakavu. Halafu ndipo tunabishana."

Mvua ilianza tena, matone makubwa juu ya bati. Kapita aliinuka, akaenda kwenye gari lake, akasukuma mlango kwa kichwa. Alipanda kwenye kiti na kuweka miguu ya mbele juu ya usukani, akitazama nje kupitia kioo.

"Mama Libère," Asiya aliita kutoka dirishani kwao, "dereva wako ameshapanda. Anauliza safari ni ya wapi."

Mama Libère alikuwa mlangoni kwake, anapepeta ndagala. Alitazama gari lile lisilo na magurudumu, na mbwa ndani yake mkavu.

"Mwambie angoje hapahapa," alisema. "Libère akirudi, atukute."

Na kwa mara ya kwanza tangu afike katika uwanja ule, walimsikia anacheka.